Leja ya Dawa na Daftari la Maji

Kwa miaka kumi na mitatu nilikuwa mwandishi na mtangazaji wa redio ya jamii katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Wilaya yenyewe sitaitaja, kwa sababu redio yake ilikuwa moja tu na baadhi ya watu nitakaowaeleza hapa bado wako kazini. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani na darini ili sauti isirudi, na mvua ikinyesha juu ya bati tulilazimika kupiga muziki mpaka ikatike, maana hakuna msikilizaji ambaye angeambulia neno la taarifa ya habari katika kelele ile. Nilianza mwaka 2009 kama mwandishi wa kujitolea, yaani nililipwa nauli ilipopatikana na kushukuriwa isipopatikana.

Mwaka 2011 meneja wetu alinikabidhi kipindi cha nusu saa, kila Jumamosi jioni, cha kumtambulisha kwa wasikilizaji mtumishi wa umma mmoja anayefanya kazi vijijini. Nilikipokea kwa furaha. Nimelelewa katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi, na tangu utotoni nilikwisha kuona kwamba mtumishi wa kijijini hutajwa pale anapokosea, lakini akifanya kazi yake barabara miaka ishirini mfululizo, jina lake husikika siku ya kumuaga tu. Nilidhani kipindi kile kingelipa deni hilo. Kumbe namna niliyokiendesha ndiyo iliyokuwa mbovu.

Majina ya wageni niliyapata kwa wakubwa wao wa kazi. Ofisi ikinipa mtu, mtu huyo alikuja amevaa shati la kupigwa pasi, nikamuuliza alizaliwa wapi, alisoma wapi na anakabiliana na changamoto gani, naye akajibu kwamba changamoto ni nyingi lakini wanajitahidi kwa kushirikiana na viongozi. Tulikuwa na Mei Mosi kila wiki, isipokuwa hatukuwa na friji wala hundi ya kumkabidhi mfanyakazi hodari. Mara mbili nilipewa bahasha ya khaki baada ya kipindi, nami mara zote mbili niliipokea, kwa kuwa mwandishi wa kujitolea naye anakula. Sijivunii hilo, na silifichi.

Aliyenizindua alikuwa mama mmoja muuza michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, gulioni. Nilipokuwa nachagua michembe aliitambua sauti yangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwandishi, yule bwana shamba uliyemsifu Jumamosi, sisi hajatufikia tangu mihogo yetu ianze kuoza. Au huwa anakuja usiku?" Wanawake waliokuwa jirani naye walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Nililipa michembe yangu nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nikijitetea moyoni kwamba mimi sikumchagua yule bwana, nilipewa. Nilipofika nyumbani utetezi ule ulikuwa umekwisha kunigeukia: kama nilipewa, basi aliyesifu si mimi, ni mkubwa wake, nami nilikuwa kipaza sauti tu. Na bwana shamba mwenyewe sikuwa nimemtendea haki, kwa sababu baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa peke yake katika kata tatu na pikipiki yake ilikuwa imelala miezi mitano kwa kukosa tairi. Hilo ndilo jambo ambalo watu wangetaka kulisikia, nalo ndilo ambalo sikumuuliza.

Kosa kubwa zaidi lilikuja mwaka 2013, nalo lilitokea upande wa pili, upande wa kulaumu. Nilipita katika kijiji kimoja cha mbali, nikakuta watu wanalalamika kwamba zahanati yao haina dawa mseto ya malaria kwa wiki ya tatu. Nilirekodi sauti tatu. Ya tatu ilikuwa ya kijana aliyesema kwamba dawa zinaishia mlango wa nyuma. Muuguzi aliyekuwa zamu, ambaye siku hizo alikuwa peke yake pale, nilimpigia simu mara mbili haikupatikana, na katika habari nilisema hivyo hivyo, kwamba jitihada za kumpata hazikuzaa matunda. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa namna ya kunyong'onyea. Mtandao katika kijiji kile ulipatikana juu ya jiwe moja nyuma ya shule, na kutoka niliporekodia mpaka mlangoni kwake ni mwendo wa dakika kumi. Nilikuwa na haraka ya gari la mwisho.

Siku ya nne baada ya habari ile kurushwa, alikuja mwenyewe mjini kwa basi. Aliingia akiwa na kitu kimefungwa kwenye kanga, akasalimia, akaketi, akakifungua. Ilikuwa leja ya dawa, kitabu kikubwa chenye jalada gumu lililopauka kwenye kona. Hakunigombeza. Alinionyesha safu moja baada ya nyingine: tarehe, zilizoombwa, zilizopokelewa, zilizotolewa, salio. Maboksi yaliyoombwa yalikuwa thelathini, yaliyofika yalikuwa sita, na pembeni ya sita hiyo kulikuwa na saini ya mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati aliyeshuhudia mapokezi. Kisha akafungua rejesta ya wagonjwa, akaniwekea kidole mstari baada ya mstari mpaka yale maboksi sita yakaisha mbele ya macho yangu, mtoto wa miaka miwili, mama mjamzito, mzee, mtoto, mtoto.

"Wewe ulisema hakuna dawa," akaniambia, "na ni kweli hazipo. Ila hukusema zilikwenda wapi. Zilikwenda hapa."

Ndipo nikajua kwamba asubuhi iliyofuata habari yangu alikuta mlango wa zahanati umeandikwa kwa mkaa neno ambalo sina haja ya kulirudia, na kwamba mama mmoja alikuwa amembeba mwanawe akaondoka naye akiwa na homa, asikubali achomwe sindano na "mtu yule". Mtoto alipona, kwa bahati. Lakini kwa siku tatu nilikuwa nimeondoa imani ya watu katika mahali pekee pa kutibiwa ndani ya mwendo wa saa nne kwa miguu, na nilifanya hivyo kwa kuokoa gharama ya kulala.

Tulimwomba aingie studio. Alisita, kwa kuwa mtumishi kuzungumza na vyombo vya habari bila ruhusa ya mkubwa wake ni jambo linaloweza kumgharimu, na mimi nisiyemuuliza kwanza sasa nilikuwa namwomba ajihatarishe kwa ajili ya kurekebisha kosa langu. Meneja alipiga simu, ruhusa ikatolewa, naye akasoma leja ile hewani kwa dakika kumi na moja, tarakimu tupu, bila neno moja la kujitetea. Kabla hajaanza niliomba radhi kwa jina langu na kwa kosa langu nikilitaja wazi, maana "kama kuna yeyote aliyekwazika" si radhi. Simu zilizoingia baadaye hazikuwa za matusi. Msikilizaji mmoja aliuliza swali ambalo lilibadilisha kazi yangu: mbona mambo haya hatuambiwi kila mwezi?

Kuanzia hapo nilikiacha kipindi cha wasifu, nikaomba muda ule ule niutumie kueleza kazi. Sikumleta tena mtumishi studio, nilimfuata. Sikuuliza changamoto, niliuliza unaamka saa ngapi, unaanza na kipi, kipi kikikosekana kazi inasimama, nani anakuja akiwa amekasirika na kwa nini. Jina la mgeni sikuliomba tena ofisini, nililiomba kwa wanaohudumiwa, na orodha waliyonipa ilikuwa tofauti kabisa na ile ya wakubwa. Wengi walionitajia hawakuwa hata watumishi kwa mujibu wa waraka: mhudumu wa afya wa kujitolea, mlinzi wa shule anayefungua maktaba, mzee wa sungusungu anayesindikiza wanafunzi wa kidato cha nne usiku. Tarehe 23 Juni, Siku ya Utumishi wa Umma Afrika, watu hawa hawaitwi uwanjani.

Muuguzi yule alinikubalia mwaka 2015 nifuatane naye kwenye huduma ya mkoba, yaani kupeleka chanjo katika kitongoji kisicho na zahanati. Ninaikumbuka siku ile kwa vitu vyake. Friji ya chanjo ilikuwa ya mtungi wa gesi, na kabla ya jambo lolote aliinama akasoma kipimajoto kilichoning'inia ndani, akaandika, kwa sababu chanjo lazima zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zikipata joto zinaharibika na nyingine zikiganda zinaharibika vilevile. Alipanga vipande vinne vya barafu kwenye kuta za kisanduku, akavisubiri vitoe jasho kwanza, akaweka vichupa katikati, akafunga, akakipakata kama mtoto juu ya pikipiki ya kukodi. Tulikwenda kilomita kumi na tisa. Nauli aliitoa yeye, akaniambia ataidai, kisha akacheka kidogo.

Chini ya mkuyu tulikuta akina mama saba, na watoto waliotakiwa kupata chanjo ya surua na rubela walikuwa watatu tu. Kichupa kimoja kinatosha watoto kumi, nacho kikishachanganywa na maji yake hakitumiki tena baada ya saa sita. Nilimtazama akikigeuza kichupa kile mkononi. Mtu wa mahesabu angesema warudi wiki ijayo wakitimia kumi. Yeye alimtuma kijana akapige mbiu tena upande wa mtoni, akasubiri kama nusu saa, akaja mtoto mmoja zaidi, akakifungua. "Hawa wanne wakirudi nyumbani bila chanjo," alisema akiwa hanitazami, "wawili sitawaona tena." Dozi sita zilimwagwa jioni ile, na aliziandika kama zilivyomwagwa, katika safu yake. Nilipoirusha habari ile niliziacha zile dozi sita ndani, ingawa mwenzangu mmoja aliona zinamchafua. Mimi naona bila hizo msikilizaji asingejua kuwa pale palifanyika uamuzi.

Kuna aina nyingine ya habari ya utumishi ambayo redio za vijijini huirusha kila siku bila kuiita habari, nayo ni matangazo ya vifo. Kwetu yalikuwa na bei yake, na familia huja na karatasi iliyokwisha kuandikwa: wanasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, mazishi ni siku fulani, habari ziwafikie ndugu wa Geita, Kahama na kwingineko. Mwaka 2017 mwanamke mmoja alileta tangazo la namna hiyo la baba yake. Nilimuuliza, kwa mazoea tu niliyokwisha kuyapata, marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Akasema, "Alikuwa mwalimu wa kisomo," yaani wa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Kisha akaongeza kwamba nyumbani kuna daftari.

Niliomba kuliona. Lilikuwa la mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa wasiokuwapo ilikuwa hivi: vikundi vya watu wazima nchi nzima vilikutana kwa wiki kadhaa kusikiliza redio, kusoma kijitabu kwa pamoja na kukubaliana kitu cha kutenda, kama kuchimba choo, na walioshiriki walikuwa kama milioni mbili. Wengi wanaoizungumzia huishia kwenye hiyo milioni mbili. Marehemu alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja cha watu kumi na wanne, na katika daftari lake, kwa mwandiko wa kulalia kulia, alikuwa ameandika kila choo. Wa kwanza: futi kumi na mbili, kimekwisha. Wa pili: futi nane, amepiga mwamba, ataanza upya. Wa tano: anasema ataanza baada ya kuvuna pamba, na mbele yake, kwa kalamu ya rangi nyingine: ameanza. Wa kumi na moja alikuwa ameandikiwa "bado" mara nne mfululizo.

Kwa ruhusa ya familia tulisoma ukurasa ule hewani baada ya tangazo la kifo, bila majina, tukitaja futi tu. Niliogopa kuwa ni utani msibani. Mchana wake, nilipokwenda mazikoni, wazee walikuwa wakibishana kwa furaha ni nani aliyepiga mwamba, na mzee mmoja mwenye bakora alisimama akakiri mbele ya watu wote kwamba "bado" mara nne alikuwa yeye, na kwamba marehemu alimfuata mpaka shambani akamshikia jembe. Kasisi alikaa chini akawaacha wamalize. Katika miaka yangu yote redioni sikumbuki hotuba ya kumuaga mtumishi iliyofika mbali kama zile futi.

Nisieleweke kwamba baada ya hapo nilikuwa mtu wa mema tupu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, na mwaka 2018 kulikuwa na kijiji ambacho wananchi wake walikuwa hawajasomewa kwa zaidi ya mwaka. Niliandika barua ya kuomba taarifa ile kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 30 za kujibiwa. Mtendaji wa kijiji aliniletea karatasi siku ya ishirini na sita, akiwa amenuna. Tulizipitia pamoja. Penye tundu alinionyesha tundu, nami nililisoma hewani pamoja na maelezo yake yote, mazuri na ya kuchechemea. Hatujawa marafiki. Ila kila tunapokutana ananiita "mwandishi" kwa sauti ileile anayomwitia afisa wa afya.

Jambo la mwisho ni dogo, na ndilo ninalolifikiria zaidi tangu niache kazi. Mwaka 2021 kijiji kimoja kilikuwa na mradi wa maji wa pampu ya sola, chini ya chombo cha watumia maji cha wanakijiji wenyewe, na ndoo ya lita 20 iliuzwa shilingi 50 pale kwenye dipii, yaani kituo cha kuchotea maji. Mhudumu wa dipii alikuwa mzee wa makamo aliyelipwa posho ndogo, na maneno yalikuwa yameenea kwamba anakula fedha. Nilimwomba nikae naye siku moja tangu anapofungua saa kumi na mbili alfajiri mpaka anapofunga, na nihesabu ndoo. Alikubali papo hapo, akanitafutia kigoda.

Yeye alihesabu kwa vijiti kwenye daftari la mraba, vinne wima na cha tano kinavikata. Mimi nilihesabu kwenye kijitabu changu. Mabishano ya foleni aliyamaliza bila kunyanyuka: aliyekuja na ndoo tano alisubiri wenye ndoo moja moja wapite, na kikongwe aliyekuja na kidumu cha lita tano hakutozwa, ila aliandikwa pembeni kwa alama ya duara, kwa sababu, alisema, maji yaliyotoka yametoka hata kama hayakulipiwa. Saa kumi na mbili jioni tulilinganisha hesabu. Ndoo 186, kwake na kwangu. Shilingi 9,300 zilikuwa kwenye mfuko wa unga uliokunjwa.

Habari ilirushwa Jumamosi, nami niliridhika nayo. Jumatatu asubuhi nilimkuta amekaa kwenye benchi la nje ya studio na baiskeli yake imeegemezwa ukutani. Alikuwa amepiga kanyagio kilomita thelathini na mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwandishi, ulisema mia moja sitini na nane."

Nilirudi kwenye kompyuta nikasikiliza. Ni kweli nilikuwa nimesoma 168, ulimi ukageuza tarakimu. Nilianza kumwambia kwamba ni kosa dogo, kwamba maana ya habari ilifika, kwamba kijiji kizima sasa kinamsifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua daftari lake kwenye ukurasa wa siku ile akaliweka juu ya meza yangu.

"Tofauti ni ndoo kumi na nane," akasema. "Shilingi mia tisa. Mimi nimepeleka benki elfu tisa na mia tatu, redio imesema elfu nane na mia nne. Leo wananisifu. Kesho mtu akikaa akapiga hesabu, atauliza ile mia tisa nyingine niliitoa wapi, na kama ninaweza kuongeza mia tisa, nimepunguza ngapi."

Tulimpa chai. Saa moja kamili asubuhi, kabla ya matangazo ya vifo, nilisoma masahihisho mara mbili, polepole, ndoo mia moja themanini na sita, naye alikuwa amesimama upande wa pili wa kioo akifuatisha kwa kidole kwenye daftari. Nilipomaliza alitikisa kichwa kukubali, akalifunga, akatoka kuwahi baiskeli yake, maana dipii alikuwa amemwachia mwanawe.